Kodi, Paa na Korido: Historia ya Usimamizi wa Nyumba za Kupanga Dar es Salaam

Dar es Salaam ni mji wa kupanga vyumba. Wanaopanga nyumba nzima ni wachache. Wengi, tangu mji ulipoanza kufurika watu mwishoni mwa karne ya 19, wamepanga chumba kimoja au viwili ndani ya nyumba ya mtu mwingine, wakigawana korido, ua na choo na familia nne au tano ambazo hawakuzichagua. Kusimamia nyumba ya namna hiyo ni kazi mbili: kukusanya kodi na kutengeneza kinachoharibika. Kazi ya kwanza imetungiwa sheria kadhaa, ikaundiwa mabaraza na mashirika, na siku hizi imefika hadi kwenye mita ya umeme. Ya pili imekuwa ikimwangukia yeyote aliye karibu.

Mji wenyewe ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 ukiwa haujachangamka, na ukalala kwa miaka ishirini hivi hadi Wajerumani walipohamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Bandari, forodha, kambi za askari na, kuanzia 1905, ujenzi wa Reli ya Kati viliita vibarua na makarani kutoka bara na mwambao. Wengi wao walikuja kwa msimu au kwa mkataba, na kujenga hakukuwa na maana kwao. Walitaka mahali pa kulala pa kulipia kwa mwezi.

Nyumba iliyowapokea ni nyumba ya Kiswahili, ambayo ramani yake haijabadilika sana kwa zaidi ya karne. Mbele kuna baraza. Mlango mkubwa unaingia kwenye korido inayokata nyumba katikati hadi mlango wa uani, na vyumba vitatu viko kila upande. Uani kuna jiko, choo, bafu, na pengine vyumba viwili vitatu vya nyongeza. Kuta za awali zilikuwa za miti na udongo, boriti zikitoka kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na paa lilikuwa la makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha mabati, kisha kuta za matofali ya saruji. Vifaa vilibadilika, ramani ikabaki, kwa sababu inafaa biashara: kila chumba kina mlango wake kwenye korido, hivyo kila chumba kinaweza kuwa na mpangaji wake, na mwenye nyumba anayelala chumba cha mbele humwona kila anayeingia na anayetoka.

Usimamizi wa nyumba haujawahi kuwa mwepesi kama ulivyokuwa hapo. Mwenye nyumba alikaa humo humo na kupokea kodi mkononi mwisho wa mwezi. Makuti yakivuja, yalimvujia na yeye. Ugomvi wa zamu ya kufagia ua, wa maji yaliyomwagwa koridoni, wa mgeni aliyekuja kwa siku tatu akakaa miezi miwili, aliukata yeye akiwa barazani. Wanawake walikuwamo kwa wingi miongoni mwa wenye nyumba wa Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni, na sababu si ngumu kuiona: kwa mjane au mtalaka ambaye soko la ajira la kikoloni halikumtambua, nyumba ya vyumba sita ilikuwa ndiyo mshahara na ndiyo pensheni. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechunguza maisha ya Waafrika wa mji huo katikati ya miaka ya 1950, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963, aliikuta nyumba hiyo ikiwa ndiyo mhimili wa mtaa, na chumba cha kupanga kikiwa ndiyo njia ya kawaida ya mgeni kuingia mjini.

Hata hivyo aliyeitwa mwenye nyumba hakuwa mwenye kiwanja. Wajerumani walikwisha kupima viwanja magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, kisha wakavigawa viwanja hivyo kwa Waafrika kwa haki ya mwaka hadi mwaka, kwa malipo. Katika miaka ya 1920 wakarasimisha mgawanyo wa mji kwa kanda tatu za ujenzi, ambao watu waliujua kwa rangi za wakazi wake: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kanda ya tatu iliruhusiwa nyumba za miti na udongo. Ruhusa hiyo ilikuwa na bei yake: ukuta wa udongo juu ya kiwanja cha mwaka mmoja mmoja haukuweza kuwekwa rehani popote penye riba ya haki, kwa hiyo matengenezo yalitoka kwenye kodi ya wapangaji au hayakutoka kabisa.

Upande wa pili wa bahari, Zanzibar, nyumba kusimama juu ya ardhi ya mwingine lilikuwa jambo la umri mkubwa zaidi. Nyumba na viwanja vingi vya Mji Mkongwe na mtaa wa Ng'ambo vilikuwa wakfu, na mwaka 1905 serikali ya ulinzi ya Uingereza iliunda Kamisheni ya Wakfu kuvisimamia: kuweka daftari, kupangisha, kukusanya, kukarabati. Huenda ndiyo ofisi ya kwanza katika mwambao huu iliyokuwa na kazi ya kutunza nyumba za watu wengine kama kazi yake hasa. Na ni Ng'ambo, mwaka 1928, wenye vibanda waliposimama pamoja na kukataa kulipa kodi ya ardhi iliyo chini ya nyumba zao. Dar es Salaam haikuona mgomo wa ukubwa huo, kwa kuwa bwana wa ardhi ya Uswahilini wake alikuwa serikali yenyewe.

Uhindini palikuwa na utaratibu mwingine. Jengo la ghorofa moja au mbili lilikuwa na duka chini na familia juu, na likiwa kubwa, familia nyingine zilipanga pembeni. Kodi ilikusanywa na mwenye duka au karani wake, na iliandikwa katika daftari lile lile la unga na vitambaa. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuia saruji na mabati kuingia nchini, wakati huo huo watu wakizidi kumiminika mjini, kodi zilipanda kwa kasi, na serikali ikaingilia kwa sheria ya kuzuia kupandisha kodi. Ilisukumwa zaidi na malalamiko ya wapangaji wa Kihindi na Kizungu, waliokuwa na sauti kwenye magazeti na vyama vya wafanyabiashara. Sheria iliweka kodi ya kawaida na kuzuia kumtoa mpangaji bila sababu inayotambuliwa. Kama ilivyotokea kila mahali pa namna hiyo, bei iliyozuiwa mlangoni iliingilia dirishani: mpangaji mpya alitakiwa atoe kilemba, fedha ya mkupuo kwa ajili ya kupewa ufunguo, ambayo haikuandikwa kwenye risiti yoyote. Sheria ilikipiga marufuku kilemba. Katika fremu za biashara za Kariakoo kingali kinalipwa.

Njia ya tatu ilikuwa ya jumuiya. Baada ya sherehe za mwaka 1946 ambapo Waismailia walimpima imamu wao, Aga Khan wa Tatu, kwa almasi mjini Dar es Salaam, fedha zilizopatikana zilianzisha mfuko wa uwekezaji uliotoa mikopo ya nyumba kwa waumini. Sehemu kubwa ya Upanga ilijengwa katika miaka iliyofuata kwa mikopo na vyama vya nyumba vya namna hiyo. Katika majengo hayo palikuwa na jambo ambalo mji ulikuwa haujalizoea: watu wenye hisa katika jengo moja, wakichanga kwa ajili ya ngazi, paa na mlinzi. Utaratibu huo haukuwa na sheria mahsusi nyuma yake. Uliendeshwa kwa nidhamu ya jamatkhana, nyumba yao ya ibada, na kwa muda ilitosha.

Uhuru ulikuja Desemba 1961, na moja ya mashirika ya kwanza ya umma kuundwa lilikuwa Shirika la Nyumba la Taifa, mwaka 1962. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo katika maeneo kama Magomeni na kujenga za saruji mahali pale pale, kwa familia zile zile, kwa mkopo wa muda mrefu. Wabunifu walidhani wanajengea kila familia nyumba ya kuishi. Wenye nyumba walijua zaidi: walihamia chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, kama walivyofanya chini ya makuti. Mwaka 1963 serikali ilifuta umilikaji wa ardhi wa milele uliorithiwa kutoka ukoloni na kuugeuza kuwa haki ya muda, ardhi yote ikiwa mali ya umma. Katikati ya muongo huo chama tawala, TANU, kilipanga nchi kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mjumbe wake. Mjumbe huyo akawa shahidi wa mikataba ya vyumba, mpatanishi wa wapangaji, na mtu wa kuitwa usiku mwenye nyumba akitoa vyombo nje. Katika historia ya usimamizi wa nyumba za mji huu yeye anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa, kwani alifanya bure kazi ambayo baadaye ilitafutiwa kampuni.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitaja kodi ya nyumba miongoni mwa mapato ambayo kiongozi hakuruhusiwa kuwa nayo. Miaka minne baadaye sera hiyo ilishuka kutoka kwa viongozi hadi kwenye majengo yenyewe. Tarehe 22 Aprili 1971 ilitangazwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo: jengo lolote lenye thamani ya kuanzia sh 100,000 ambalo lilipangishwa, lote au sehemu, lilikuwa mali ya Serikali. Nyumba aliyokaa mwenyewe na familia yake tu iliachwa. Jengo lenye umri wa zaidi ya miaka kumi halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba kodi ilikwisha kurudisha gharama. La umri mdogo zaidi lililipiwa kwa uwiano wa miaka. Majengo karibu 3,000 yalitwaliwa, mengi mno ya Waasia, ingawa Waafrika waliojenga ghorofa Kariakoo nao hawakusalimika. Baadhi yalirudishwa baada ya rufaa. Familia nyingi ziliendelea kukaa katika majengo yale yale, sasa zikilipa kodi ya nyumba walizojenga wenyewe, na nyingine zikaanza safari za Uingereza na Kanada.

Aliyekabidhiwa majengo hayo aliitwa Msajili wa Majumba. Kwa usiku mmoja ofisi moja ilikuwa imekuwa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini, ikisimamia majengo kutoka Tanga hadi Mwanza, na sehemu kubwa katikati ya Dar es Salaam. Ilirithi kila kitu isipokuwa watu waliojua bomba la jengo gani limepita wapi. Mwenye duka wa chini, aliyekuwa akimwita fundi wake mwenyewe siku ile ile kitu kilipoharibika, alikuwa ameondoka au amekuwa mpangaji asiye na sababu ya kugharamia. Mpangaji aliyevujiwa aliandika barua. Barua iliingia kwenye faili. Vifaa vya kutengenezea vilipatikana kwa mgao, na mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, mara nyingi havikupatikana.

Kosa la Msajili limezoeleka kuelezwa kuwa uzembe, lakini hesabu tu ingetosha kuliangusha shirika lolote. Kodi zilikuwa ndogo kwa makusudi, zikiwa sehemu ya ahadi ya Ujamaa kwa mfanyakazi wa mjini. Shilingi ilipoanza kushushwa thamani mara kwa mara, hasa kuanzia 1986, kodi ya mwezi ya nyumba ya vyumba vitatu mjini haikuweza kununua hata mifuko michache ya saruji. Wakati huo huo mwenye mkataba wa nyumba ya Msajili alikuwa ameshika mali ya thamani kubwa. Alipangisha chumba kwa bei ya soko na kumlipa Msajili kwa bei ya Serikali, au akamwachia mwingine mkataba kwa kilemba. Nyumba za Msajili zikawa zinarithiwa kama za ukoo. Fedha ya soko ilikuwapo ndani ya majengo hayo wakati wote. Haikuwa na njia ya kufika kwenye paa.

Sheria nayo ilizidi kumlinda mpangaji. Ile ya udhibiti wa kodi, iliyoandikwa upya baada ya Uhuru, ilibadilishwa na Sheria ya mwaka 1984 iliyounda mabaraza ya nyumba ya mikoa. Baraza lilipanga kodi ya kawaida, lilisikiliza mashtaka ya kutolewa, na lilikuwa na uwezo wa kumwamuru mwenye nyumba afanye matengenezo. Mashauri ya kodi yalijaa. Amri za matengenezo zilikuwa ngumu kutekelezeka, kwa sababu mwenye nyumba aliyeamriwa alikuwa amezuiwa kupata kodi ya kugharamia. Mawakili wa wakati huo walijua kwamba shauri la kumtoa mpangaji lilikuwa kazi ya miaka.

Mwaka 1990 Msajili wa Majumba alifutwa na majengo yake yote kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilipewa sheria mpya. Shirika likatafuta mtaji kwa wabia: liliweka kiwanja, mtu binafsi akaweka fedha, na jengo la ghorofa mbili la miaka ya 1930 au 1950 likapisha mnara. Sura ya Kisutu na mitaa ya katikati ya mji ilibadilika kwa njia hiyo. Mojawapo ya miradi ya ubia, jengo la ghorofa zaidi ya kumi katika Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka likiwa bado linajengwa tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, na kuua watu zaidi ya 30. Katikati ya miaka ya 2000 sheria ya udhibiti wa kodi ilikuwa imekwisha kufutwa, na migogoro ikahamia kwenye mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yaliyoanzishwa kwa sheria ya 2002. Shirika lilipandisha kodi kufuata soko na kuanza kuwaandama wadaiwa sugu, ambao wengi walikuwa ofisi za umma. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliliagiza liwatoe wasiolipa bila kujali ni nani, wizara zikiwamo.

Yote hayo yalihusu sehemu ndogo ya mji. Wakati ofisi za Serikali zikihangaika na ghorofa, Manzese, Tandale, Buguruni, Mbagala na Vingunguti zilikuwa zikijengwa nyumba ya Kiswahili baada ya nyingine, nyingi katika viwanja visivyopimwa, bila mkopo wa benki na bila kibali. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973 ili kumkopesha mwananchi wa kawaida, ilifungwa mwaka 1995. Miradi ya viwanja ya miaka ya 1970 iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia, Sinza ikiwa mojawapo, ilitoa barabara na mitaro, na ujenzi ukaachiwa watu wenyewe. Walijenga polepole, chumba kwa chumba, mara nyingi kwa kodi ya vyumba vilivyotangulia. Ni Uswahilini, na si katika ofisi ya shirika lolote, ambako sehemu kubwa ya nyumba za kupanga za Dar es Salaam zilipatikana.

Ila mwenye nyumba alikuwa ameanza kuhama. Mwenye nafasi alijenga ya pili Tegeta au Kimara na kuiacha ya kwanza yote kwa wapangaji, na nafasi yake barazani ikachukuliwa na watu wawili. Wa kwanza ni dalali. Huyu anajua chumba kipi kitakuwa wazi mwisho wa mwezi, humwonyesha mteja kwa ada, na mkataba ukifungwa huchukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, ambaye wakati huo huo anatakiwa amlipe mwenye nyumba miezi sita au mwaka mzima kwa mpigo. Desturi ya kulipa kabla imelalamikiwa bungeni na magazetini kwa miaka, na mawaziri zaidi ya mmoja wameahidi kuikomesha pamoja na kuunda chombo cha kusimamia madalali. Ina mantiki yake kwa mwenye nyumba asiyekaa hapo: kodi ya mwaka ndiyo mtaji wa kupaua nyumba nyingine, na inamwepusha na safari kumi na mbili za kudai. Kwa mpangaji ina maana kwamba mtu wa kumlalamikia kuhusu choo kilichojaa amekwisha kulipwa.

Mtu wa pili ni mpangaji wa siku nyingi, ambaye kwa kawaida hulipa pungufu kidogo au halipi kabisa, naye hushika funguo, hukusanya michango na kutangaza zamu. Kazi yake ilizidi kuwa ngumu ulipokuja umeme wa kulipia kabla. LUKU ya shirika la umeme, TANESCO, ilianza kuenea miaka ya 1990, na katika nyumba yenye mita moja na wapangaji sita ilizaa hesabu isiyokwisha: mwenye friji achange ngapi, mwenye pasi ngapi, aliyesafiri wiki mbili alipe au asilipe. Nyumba nyingi zimefunga mita ndogo ya kila chumba ili kumaliza ugomvi huo. Kwa gari la kunyonya maji taka hakuna mita, kwa hiyo mchango wake bado unapigiwa kelele.

Nyumba ya urithi ina utaratibu wake. Mwenye nyumba wa Kariakoo alipofariki, warithi mara nyingi hawakuuza. Waligawana vyumba, kila mmoja akala kodi ya chumba chake, na cha mbele kikavunjwa ukuta kuwa fremu ya duka ambayo kodi yake ni ya wote. Msimamizi wa mirathi alikuwa, bila kuitwa hivyo, mwenyekiti wa chama cha wamiliki. Mgawanyo huo ulifanya kazi mpaka kilipoharibika kitu kisicho cha chumba chochote. Paa lilikuwa la nani? Wajukuu walipofika kumi na tano, jibu lilikuwa gumu kiasi kwamba mwekezaji aliyetaka kiwanja ajenge ghorofa alionekana mkombozi, na tangu miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimepotea mtaa baada ya mtaa kwa njia hiyo.

Kampuni binafsi za kusimamia majengo zilitokea hasa baada ya uchumi kufunguliwa. Wengi wa waanzilishi wake walikuwa wathamini waliosomea Chuo cha Ardhi, ambacho tangu 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi, na waliopata uzoefu kwa Msajili, Shirika au wizarani. Walianza kwa kuthamini mali kwa ajili ya mabenki, kisha wateja wakawaomba wawatafutie wapangaji, kisha wawakusanyie kodi. Mteja wa kawaida ni mwenye ghorofa la ofisi mjini, mfuko wa pensheni, taasisi ya dini, au Mtanzania anayeishi nje ya nchi mwenye nyumba Mikocheni. Kampuni huandaa mkataba, hukagua nyumba mpangaji akiingia na akitoka, huajiri walinzi na wafagiaji, hushughulikia lifti, jenereta, pampu na tenki, na kutoa hesabu kila mwezi. Malipo yake kwa kawaida ni asilimia ya kodi iliyokusanywa. Mpango huo unaifanya kampuni iwe hodari wa kukusanya. Matengenezo humhitaji mwenye mali kuidhinisha kila fedha, na asipopokea simu, bomba huendelea kuvuja. Kwa muda mrefu ofisi za mjini na nyumba za Masaki na Oysterbay zilipangishwa kwa dola, hadi kanuni za mwaka 2025 zilipozuia kutaja bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Kuuza nyumba moja moja ndani ya ghorofa kulikuwa na kikwazo cha sheria. Hati ilikuwa ya kiwanja na ilikuwa moja. Aliyenunua nyumba ghorofa ya tano alipata mkataba wa ndani au hisa katika kampuni, vitu ambavyo benki haikuvipenda kama dhamana. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 ilikiondoa kikwazo hicho. Zanzibar ilipata sheria ya aina hiyo mwaka 2010. Kwa sheria hizo kila nyumba ndani ya jengo hupata hati yake, na kila hati hubeba fungu katika vitu vya pamoja: ardhi, paa, ngazi, lifti, mabomba, ukuta wa nje. Fungu hilo haliuziki peke yake. Wamiliki wote, wapende wasipende, ni wanachama wa umoja unaosimamia vitu hivyo, wenye haki ya kutunga kanuni, kutoza ada ya huduma, kuweka akiba na kumdai mahakamani asiyelipa.

Kwenye karatasi, huo ulikuwa wakati wa kwanza kwa ukarabati kuwa na mwenyewe. Shirika la Nyumba, lililoingia katika ujenzi wa nyumba za kuuza kuanzia 2010, na wajenzi binafsi walikabidhi majengo yao kwa wanunuzi chini ya sheria hiyo. Utekelezaji umekuwa na vituko. Wa ghorofa ya chini hukataa kuchangia lifti. Aliyenunua ili apangishe huona ada ni ya mpangaji, na mpangaji huona ni ya mwenye nyumba. Mnunuzi aliye ng'ambo hahudhurii mkutano na akidi haitimii. Muuzaji mwenye nyumba ambazo hazijanunuliwa hubaki na kura nyingi na pengine ndiye aliyeichagua kampuni ya usimamizi, kwa hiyo wakazi wanaotaka kuibadilisha hugundua kwamba wanashindana naye. Ada za akiba kwa ajili ya kazi kubwa, kama kupaka rangi jengo zima au kubadilisha lifti, ndizo za kwanza kupunguzwa mkutano ukitaka kuonyesha huruma.

Jaribio kubwa zaidi la utaratibu huo kwa watu wa kipato cha kawaida liko Magomeni Kota. Nyumba za zamani za hapo zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kaya 644 kuondolewa. Baada ya miaka ya malalamiko, majengo mapya ya ghorofa yalijengwa na Wakala wa Majengo Tanzania na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022, familia hizo zikirudishwa na kuruhusiwa kununua kwa malipo ya muda mrefu. Watu waliozoea ua, wenye jiko la mkaa nje na zamu ya ufagio, walikabidhiwa ngazi, pampu za maji na lifti.

Kwa kodi inayokwenda Serikalini, tofauti na ile ya pango, utaratibu umezidi kuwa mfupi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inayotozwa na Serikali hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na sh 5,000 kwa kila ghorofa katika majengo ya mijini, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 kuwa sh 1,500 na sh 7,500. Kisheria mlipaji ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Serikali ilielekeza pande mbili zielewane zenyewe. Katika baadhi ya nyumba mpangaji hukata fedha hiyo kwenye kodi ya pango ya miezi sita inayofuata akionyesha risiti, na katika nyingine hugawanywa kwa vyumba pamoja na umeme wa korido.